Maji Aliyokunywa Babu

Mlionicheka wiki iliyopita, endeleeni tu. Mlinicheka kwa punda aliyeliwa na fisi akiwa amefungwa mlangoni pangu. Mlinicheka kwa fundi wa reli aliyeondoka na suruali nilizomshonea, akaniachia kofia yenye tundu. Leo msijibane mbavu, maana hayo yalikuwa manyunyu, mvua yenyewe ndiyo hii.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Mbaruku, fundi cherehani wa Dodoma, na haya yalinipata enzi za Mdachi, mwaka ule reli ilipofika mjini kwetu. Nilikuwa nimeposa. Mchumba wangu ni Stara, binti wa Mzee Hassani mshona viatu, na ndoa ilikuwa ifungwe mwezi ukiandama. Mahari tayari, shuka tayari, hata kanzu ya harusi nilikwisha kujishonea kwa mkono wangu.

Asubuhi moja nikafungua mlango, nikamkuta bibi kizee ameketi barazani kwangu, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe.

"Mbukwa, mjukuu wangu," akanisalimia kwa Kigogo. "Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa nisikilizeni.

"Shikamoo, bibi. Ng'ombe gani?"

"Marahaba. Ng'ombe wa maji."

Kando yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa kanzu ya misheni, safi, imefungwa vifungo mpaka kooni. Akakohoa kama anayetaka kuhubiri.

"Mimi ni Kefa. Huyu ni shangazi yangu, Dorkasi, wa kijiji cha Zuzu. Babu yako Mrisho alipita Zuzu na msafara wa pembe, akienda Unyanyembe. Wapagazi wake walikuwa wamekauka midomo. Kisima kilikuwa cha baba yake shangazi. Wakapatana hongo ya njia, nguo na ushanga, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo. Wakanywa wote, na punda wakanywa. Baada ya kunywa, babu yako akasema nguo zimekwisha."

"Pengine zilikuwa zimekwisha kweli."

"Alikuwa amezikalia," akasema Bibi Dorkasi. "Lakini baba yangu alikuwa mwungwana, hakumwinua."

Kefa akaendelea. Babu yangu, badala ya nguo, aliahidi ng'ombe. Aliporudi kutoka bara alikaa hapa Dodoma, akaoa, akajenga. Mwenye kisima akaja kudai. Babu akamwambia ng'ombe wako yupo, yuko machungani.

"Baba yangu akasema, basi mfugie huko huko, zizi langu limejaa. Nikimhitaji nitamjia," akasema Bibi Dorkasi. "Baba amekufa. Kaka zangu wamekufa. Sasa namhitaji mimi."

"Lakini bibi, baba yako alimwona huyo ng'ombe?"

"Hakumwona. Si nimekwambia alikuwa machungani?"

"Na alikuwa na mimba," akaongeza Kefa.

Nikauliza mimba imeingiaje humo. Kefa akanitazama kwa huruma, kisha akaanza. Ndama wa kwanza alikuwa jike, mwekundu. Akakua, naye akazaa jike, lenye baka usoni. Huyo akazaa dume, likauzwa, likanunua majike. Kila mnyama alimtaja kwa rangi na kwa pembe zake, na mmoja alimtaja kwa tabia: alikuwa mwizi wa mtama. Nilimsikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Kundi zima lile, enyi ndugu zangu, lilizaliwa barazani kwangu kutokana na ng'ombe ambaye hapakuwa na jicho lililomwona.

Nikaingia uani kwa hasira. Mama yangu, Sikudhani, alikuwa anaanika mtama juu ya ngozi yake kuukuu, ile aliyokuwa nayo tangu sijapata akili.

"Mama, mambo haya ni kweli?"

Hakuinua uso. "Babu yako hapakuwa na kisima asichodaiwa kati ya hapa na Tabora. Mpelekee bibi uji, bado wa moto."

Kama hujakaa na Wagogo hutaelewa kwa nini sikumfukuza. Mgogo wa zamani akikudai hapigi kelele, wala hakushiki shati. Anakuja na kigoda chake, anakaa mlangoni pako, anakusalimia vizuri, na anangoja. Wewe unampa chakula kwa sababu ni mgeni, na akiwa mzee unampa cha moto. Ukimfukuza, hata jirani yako, awe Mwarabu awe Mgogo, atakutemea mate. Mdai anaweza kungoja hivyo mpaka mvua ije na iondoke.

Bibi Dorkasi akangoja. Akala ugali wangu wa uwele na mlenda wa mama yangu. Kefa alisali kabla ya kula, na alivyokuwa anasali kwa kirefu, chakula kilikuwa kinapoa, naye akaomba kipashwe moto.

Ubaya wenyewe ni kwamba baraza ile ndiyo iliyokuwa kiwanda changu. Cherehani hapa, kigoda pale. Mteja akija kupokea nguo, bibi anaitazama kwanza.

"Suruali hii," akamwambia karani mmoja wa stesheni, "mguu mmoja unakwenda Mpwapwa, mwingine unakwenda Kilimatinde."

Karani akaivaa, akatembea, akakubali. Sikulipwa.

Mzee Hassani akaja jioni na fimbo yake. Alimwamkia bibi kwa adabu, akaniita pembeni.

"Nani yule?"

"Anadai ng'ombe wa babu."

"Unaye?"

"Hakuwahi kuwepo, mzee!"

Akazungusha fimbo mchangani. "Mbaruku, mimi sikuulizi kama unadaiwa. Nani hadaiwi? Nakuuliza mwanangu atakanyaga wapi siku ya kuingia. Atamruka bibi kizee? Mtoe. Lakini mtoe kwa wema, aondoke mwenyewe, roho yake nyeupe. Akiondoka na kinyongo, laana yake itamkuta Stara ndani kwako."

"Na asipoondoka?"

"Mwezi ukiandama bibi bado yuko pale, mahari yako nitakurudishia. Bashiri, mpishi wa bomani, ameshaniuliza mara nyingi, na kwake hakuna aliyekaa mlangoni."

 Bashiri! Mtu aliyekuwa ananuka siagi ya Wazungu hata akiwa msikitini. Mimi nilimpenda Stara, nasema wazi, nilimpenda tangu siku aliponiambia kanzu niliyomshonea baba yake ina mkono wa tatu. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kunitukania kazi yangu nikafurahi.

Nikamkuta uani kwao, upande wa pili wa ua wa mabua.

"Nasikia umeoa bibi kizee," akasema.

"Stara, usinitanie. Niko motoni."

"Mimi ndiye niliye motoni. Bashiri ameleta mkate. Mama anausifu." Akasogea karibu na mabua. "Mbaruku, mimi huo mkate siutaki. Fanya akili."

Basi nikafanya akili. Msomaji, kila nilipofanya akili maisha yangu yaliharibika, lakini siku ile sikulijua hilo.

Akili ya kwanza ilikuwa kwenda bomani. Siku ya mashauri nikapanga foleni juani na wenzangu, mpaka nikaingia kwa Bwana Shauri, Mdachi mwekundu, ana masharubu yaliyochongwa pande zote mbili. Mkalimani akasimama katikati yetu. Nikaeleza.

"Bwana anauliza, babu yako yuko hai?"

"Amekufa, bwana."

"Mwenye kisima?"

"Amekufa."

"Ng'ombe?"

"Hajapata kuzaliwa."

 Bwana Shauri akasema maneno mengi sana, meza ikatikisika. Mkalimani akayafupisha. "Bwana anasema hapa pametundikwa bendera, hapakutundikwa sanda. Mambo ya hongo yamekwisha. Deni la kabla ya bendera halisikilizwi tena, la kwako wala la mwingine. Na ukimletea maiti wengine humu ndani atakuchapa kiboko."

Nilitoka nikicheka peke yangu njiani. Deni limekufa kwa amri ya serikali! Nikapewa pia askari mmoja aje awaeleze.

Askari akafika barazani, buti zinang'aa, akapiga mguu chini. "Bibi! Serikali imesema deni lako limezeeka. Halidaiwi."

Bibi Dorkasi akamtazama kofia mpaka buti. "Mwanangu, mimi nimemshtaki mtu?"

"Hapana."

"Nimegusa mali ya mtu?"

"Hapana, bibi."

"Nimekaa. Bendera ni yao, kigoda ni changu. Wewe ni mtoto wa nani? Umekonda. Kefa, mpe nafasi mwenzio."

Nilipotoka uani na maji ya kunywa, yule askari alikuwa amevua kofia, anakula mlenda wangu, na bunduki amempa Kefa amshikie. Alipomaliza akakikaza kigoda cha bibi mguu uliokuwa unalegea, akaaga kwa heshima.

Mzee Hassani alisikia. Akaniambia, "Serikali imekusafisha. Bibi je?"

Akili ya pili ilinijia nikiwa natia uzi kwenye sindano. Nikaona jinsi Kefa alivyokuwa anawahesabu wale ng'ombe, anawazalisha mwaka hadi mwaka, na nikakumbuka mwaka wa sotoka. Nani katika Ugogo asiyeukumbuka? Ugonjwa ulipita ukamaliza ng'ombe zizi kwa zizi, watu wakala ngozi za kulalia. Nikaacha sindano.

"Kefa," nikamwambia kwa sauti ya upole kama ya kadhi, "hao ng'ombe walikuwepo mwaka wa sotoka?"

"Walikuwepo."

"Sotoka iliacha ng'ombe mjini hapa?"

Kefa akapapasa vifungo vya kanzu yake.

"Basi walikufa!" nikapiga kofi cherehani. "Wote! Mama na wana na wajukuu! Walikufa mikononi kwetu, tukashuhudia, tukahuzunika. Ng'ombe wako, bibi, alikufa kwa sotoka. Pole sana."

Nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu. Nikaketi, nikakunja mikono kifuani, nikangoja bibi achukue kigoda.

Bibi Dorkasi akaniangalia. Macho yakamjaa maji. Kisha akaweka mikono kichwani akapiga ukunga uliosikika mpaka stesheni.

"Mama wee! Ng'ombe wangu! Amekufa na sikuambiwa!"

Watu wakatoka majumbani. Wanawake wa mtaani hawakuuliza amekufa nani, kilio hakiulizwi. Walijifunga kanga viunoni, wakaketi barazani kwangu, wakalia. Waliofika nyuma walileta unga. Sheikh wa mtaa akapita, akasimama, akanyanyua mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu ni nani?"

"Ng'ombe, sheikh."

Akaishusha mikono taratibu.

Mzee Hassani naye alifika mbio, kilemba kimelegea, akanishika mkono. "Pole, mwanangu, pole. Ni mama?" Nilipomwambia, aliuachia mkono wangu kana kwamba umemchoma.

Kefa akanijia. Sasa alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. "Ndugu Mbaruku, tumekushukuru. Mpaka leo asubuhi hukuwahi kukubali kwamba ng'ombe alikuwepo."

"Sijakubali!"

"Umesema amekufa. Hafi asiyekuwepo. Na umesema amekufa mikononi kwenu, mbele ya watu wote hawa." Akawageukia waombolezaji, wakaitikia kwa vichwa. "Sasa imebaki desturi. Desturi ya ng'ombe wa kufugiwa unaijua?"

Sikuijua. Mimi ni mtoto wa mjini, ng'ombe nawajua kwenye mchuzi.

"Ng'ombe wa mtu akifia kwako, unampelekea mwenyewe ngozi. Mwenyewe akiiona, analia, anaondoka, yamekwisha. Ngozi ikikosekana, ng'ombe hajafa. Umemficha."

Pale, msomaji, nikaona mlango. Ngozi tu? Ngozi moja tu, na bibi ataondoka mwenyewe, roho nyeupe, kama alivyotaka Mzee Hassani?

"Ngozi ngapi?" nikauliza haraka. "Za ukoo mzima?"

Bibi Dorkasi akafuta machozi kwa ncha ya nguo. "Za wana nimekusamehe. Nataka ya mama yao. Nikailalie, nimwambie baba yangu huko aliko kwamba nimemwona."

Alivyolisema hilo, nilitaka kumcheka nikashindwa. Lakini mwezi ulikuwa umebaki kiduchu kuandama, na Bashiri alikuwa ameleta mkate wa pili.

Nikaenda kwa mchinjaji. Ngozi zake zote zilikuwa za juzi, nzi bado wanazigombania. Bibi yule angezinusa kutoka Zuzu. Nilihitaji ngozi ya zamani, ngumu, iliyochakaa, ngozi ya mwaka wa sotoka hasa. Na katika mji mzima niliijua moja.

"Mama," nikasema, "niazime ngozi yako ya mtama."

Mama akaacha kupepeta. "Hiyo usiiguse."

"Nitakununulia nyingine nzuri zaidi."

"Mbaruku, nimesema usiiguse. Wala usiigeuze."

Kwa nini isigeuzwe? Mtu mwenye akili timamu angejiuliza hilo. Mimi nilikuwa na mchumba, sikuwa na akili timamu. Tena ngozi ile tangu utotoni nimeiona upande mmoja tu, ule mweupe unaoanikiwa, manyoya yakiwa chini. Nikadhani ni ukali wa kizee, hataki mtama wake uingie manyoya.

Asubuhi yake mama alijitwika mtungi akaenda kisimani. Alipokunja kona tu, nikamwaga mtama wake kwenye ungo, nikaikunja ngozi, nikaipaka majivu kidogo iongezeke uzee. Naungama, na mama yangu anisamehe: sikusita hata kidogo.

Barazani watu walikuwa bado wapo, matanga yamenoga. Mzee Hassani alikuwepo, nilimwita mwenyewe awe shahidi. Stara alikuja na wanawake, kanga imemfunika mpaka machoni, lakini macho yenyewe nilikuwa nayajua, yalikuwa yananicheka.

Nikaitandaza ngozi miguuni kwa Bibi Dorkasi, upande mweupe juu.

"Huyu hapa, bibi. Tumemhifadhi miaka yote."

Akapiga magoti. Akaipapasa kwa viganja. "Mbona ina vumbi la mtama?"

"Tulimtunza kwa heshima. Hatukumkalia."

"Mmemtunza vizuri."

Akalaza shavu lake juu ya ngozi, akafumba macho. Akaanza kusema naye kwa Kigogo, polepole, maneno ya kubembeleza, kama mtu anayemlaza mtoto. Wanawake wakaacha kulia. Hata Kefa akatazama pembeni. Hapo, ndugu zangu, nilijisikia mwizi. Nilijisikia nimeiba kitu kikubwa kuliko ng'ombe, na kama Stara asingekuwa amesimama pale ningesema ukweli papo hapo.

Lakini Stara alikuwepo. 

Bibi Dorkasi akainuka, akijishika kiuno. "Nimeridhika. Mwenye maji ameridhika na aliyekunywa amesamehewa. Kefa, chukua kigoda."

Kigoda kikainuliwa! Vigelegele vikapasuka. Mzee Hassani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ana machozi ya furaha. "Mwanangu," akasema, "mwanangu kweli. Ijumaa hii hii. Hatungoji hata mwezi."

Sijui niliona nini upande ule wa kanga, lakini nadhani Stara alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Kefa," akasema Bibi Dorkasi, ameshashuka hatua ya baraza, "hebu igeuze. Nikifika Zuzu wataniuliza rangi yake, nitawaambia nini?"

Kefa akaishika ngozi pembe mbili, akaigeuza.

Alikuwa ng'ombe mwekundu, tumbo jeupe. Manyoya yamechakaa lakini bado yapo. Na kwenye paja, mahali ambapo manyoya hayakuota, palikuwa na chapa ya moto: mwezi mchanga, na pembeni yake kijistari cha ovyo ovyo.

"Alikuwa mzuri," akasema bibi.

Mikono ya Mzee Hassani ikauacha mkono wangu.

Akasogea. Akapiga magoti palepale alipokuwa amepiga bibi. Akaweka kidole kwenye ile chapa, akaufuata mwezi mpaka mwisho, akafika kwenye kijistari, akakaa nacho.

"Chuma kilinitelezea hapa," akasema. "Alirusha teke. Nikaungua na mimi." Akakunja mkono wa kanzu, ile kanzu niliyomshonea mimi, akatuonyesha kovu kwenye kifundo cha mkono. "Huyu ni Shani. Ng'ombe wangu. Alipotea mwaka wa sotoka, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amepona zizini mwangu. Nilimtafuta mpaka Mtumba. Nikaambiwa simba."



"Mzee," nikasema, "haya mambo yana maelezo yake."

"Nakusikiliza."

 Ningesema nini? Kama ngozi ni ya Shani, basi nyumba yetu ilimla Shani. Kama ngozi ni ya ng'ombe wa bibi, basi Mzee Hassani ni mwongo mbele ya matanga mazima. 

"Kwa hiyo huyu si wangu," akasema Bibi Dorkasi.

"Si wako, mama," akajibu Mzee Hassani.

"Ngozi yangu haijapatikana."

"Haijapatikana."

"Basi ng'ombe wangu hajafa. Bado yuko machungani." Akapanda hatua ya baraza. Kefa, bila kuambiwa, akakiweka kigoda mahali pake pa zamani, bibi akaketi, akanitazama bila chuki yoyote. "Mjukuu wangu, leo mlenda uwe na karanga kidogo."

Mzee Hassani bado alikuwa amepiga magoti. "Na Shani alikuwa na mimba," akasema polepole.

Kefa akakohoa. "Ndama wa kwanza," akauliza, "tuseme alikuwa jike?"

"Jike," akasema Mzee Hassani. Akasimama, akajikung'uta vumbi. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Stara. Nenda nyumbani ukaniletee kiti."

Stara hakusogea. Macho yake sasa hayakuwa yananicheka. Yalikuwa yananiuliza.

"Stara!"

Akaenda. Alirudi na kiti cha kushonea viatu cha baba yake, akakiweka kando ya kigoda cha Bibi Dorkasi, bila kunitazama. Bibi akasogea kidogo kumpisha mwenzake kwenye kivuli. Mkwe wangu mtarajiwa akakusanya kanzu yake, akainama kukaa. Nikajua akigusa kile kiti tu, mimi sina ndoa mpaka nizae ukoo mzima wa ng'ombe.

"Hassani."

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na mtungi kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Aliitazama ngozi iliyogeuzwa. Kisha akanitazama mimi, na ningependelea kiboko cha Bwana Shauri.

"Nilikuambia usiigeuze," akaniambia.

Akautua mtungi mwenyewe, pasipo mtu kumsaidia.

"Hassani, usikae kwanza. Umemtafuta ng'ombe wako mpaka Mtumba. Umewauliza wachungaji, umeuliza mpaka simba. Mkeo ulimuuliza?"

Mzee Hassani akabaki vilevile alivyokuwa ameinama, hajakaa wala hajasimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti.

"Mke wangu anahusikaje?"

"Mwite aje aseme mwenyewe. Mimi niliapa kwake kwamba sitasema, na kiapo changu nimekishika kuliko mwanangu alivyolishika neno langu."

Bibi Dorkasi akamgusa Kefa kwa kisigino. "Acha kuhesabu ndama," akamnong'oneza. "Sogeza kigoda karibu."

Nikageuka kumtafuta Stara. Palipokuwa pamesimama Stara palikuwa na viatu vyake tu, vile vyekundu alivyoshonewa na baba yake kwa ajili ya harusi. Yeye alikuwa ameshafika mwisho wa njia, peku, anakimbilia kwao kumwita mama yake.